Juu ya nini Hélène anakuwa «HÃ©lÃ¨ne» ku buletini ya mushahara?

Mwisho wa mwezi, buletini ya mushahara ikifika nyumbani, macho yote yanakimbilia chini, pale franga zimehesabiwa. Leo tunaomba muanzie juu, ku jina. Kama Hélène amekuwa «HÃ©lÃ¨ne», ao François amekuwa «FranÃ§ois», musiseme ni ulozi. Ni mashini mbili zenye hazikusikilizana.

Ordinatere haijue herufi, inajua namba tu. Kila herufi inapewa namba, sawa vile kila mutu wa kazi ana matrikile yake. Orodha ya ASCII, yenye ilitoka Marekani mu mwaka 1963, ilikuwa na nafasi 128 tu, na é haikuwa ndani. Nyuma yake kila mutengenezaji akaongeza yake. Mu orodha moja ya Ulaya ya Magharibi, é ni 233. Mu ordinatere za zamani za DOS, é ni 130. Mu 1992, Ken Thompson na Rob Pike wakatengeneza UTF-8, na leo njo inatumika karibu kila fasi ku intaneti. Humo é inaandikwa na namba mbili: 195 na 169.

Sasa kompanyi inatosha jurnali ya mushahara mu programu moja, inaituma mu ingine, ao ku banki. Mashini ya kwanza inaandika 195 na 169. Ya pili, yenye kushika ile orodha ya Ulaya, inasoma 195: «Ã», inasoma 169: «©». Herufi moja imezaa mbili. Na kama fishie imepangwa kwa kuhesabu nafasi, vyote vyenye kufuata jina vinaweza kusogea: namba ya konti, hata franga.

Ilunga na Kasongo wanapita bila shida, juu herufi zao ziko mu ASCII, na orodha zote hizi zinazipa namba ile ile. Taabu iko ku majina ya ubatizo.

Buletini njo ushuhuda wa miaka ya kazi. Siku ya pansio, ao siku mujane anaenda kuomba haki yake, mutu wa gishe analinganisha jina na karti ya uchaguzi. Herufi zikiachana, mama anaweza kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo musinyamaze. Mupeleke buletini na karti ku biro ya mushahara, museme: jina limeharibika wakati fishie ilipita toka mashini moja kwenda ingine. Wakisahihisha jina moja kwa mukono, mwezi unaokuja kosa litarudi. Wapatanishe orodha za herufi. Muombe pia barua ya muhuri yenye kusema majina mawili ni ya mutu mumoja. Na buletini za zamani musizitupe: zenye jina zima njo zitawatetea.