Mazishi Yanaanzia Jumuiyani

Mtu akifariki Iyula, wilayani Mbozi, majirani hujaa uwanjani paroko akiwa bado hajui lolote. Familia ya Kikatoliki huanza kwa mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, naye humweleza katekista, ambaye hufikisha habari parokiani. Ukiruka ngazi hizo ukampigia padre moja kwa moja, tegemea kuulizwa kwanza: "Alikuwa anasali jumuiya gani?"

Chukua cheti cha ubatizo au cha ndoa kama kipo. Saa ya kuzika isitangazwe kabla ya kuongea na padre, maana siku hiyohiyo anaweza kuwa na Misa kwenye kigango cha mbali.

Utaratibu wa mazishi uliotolewa Roma mwaka 1969 unataja vituo vitatu: nyumbani, kanisani na makaburini. Kanisani mshumaa wa Pasaka huwashwa karibu na jeneza. Padre hulinyunyizia maji ya baraka kukumbuka ubatizo, kisha hulifukizia ubani, kwa kuwa mwili ule ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Padre asipopatikana, katekista huongoza ibada, na marehemu amezikwa Kikatoliki kabisa. Misa ataombewa baadaye. Ijumaa Kuu hakuna Misa ya mazishi, hata marehemu awe nani.

Ugomvi huletwa na zaka. "Huyu michango hakutoa, jumuiyani haonekani, padre haji." Wanajumuiya wana haki ya kunung'unika, kwani ndio wanaochimba kaburi na kupika. Lakini kanuni ya 1184 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawanyima mazishi ya Kanisa walioikana imani waziwazi, waliochagua kuchomwa moto kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hao nao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, huzikwa. Deni la zaka halimo, na kanuni ya 1181 inakataza maskini kukosa mazishi yanayowastahili. Penye shaka huulizwa askofu.

Kwa hiyo mwenyekiti akikuonyesha kadi ya zaka ya marehemu ikiwa tupu, usibishane naye mbele ya waombolezaji. Mwombe katekista alifikishe suala kwa paroko. Mkishazika, rudi parokiani uhakikishe jina limeingizwa kwenye kitabu cha wafu. Kanuni ya 1182 inadai hivyo.