Kuinua Motokaa kwa Nyuma: Faida Yake na Hatari Zake

Wasikilizaji, mtu atokaye katikati ya Dar es Salaam kwenda Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta, akiyatazama magari njiani, hakosi kuona yaliyosimama mkia juu na pua chini, mfano wa mtu aliyeinama kuokota kitu. Mengine ni pikapu za mizigo, mengine ni gari za abiria, na mengine ni motokaa ndogo za watu binafsi. Hali hiyo haikuja kwa bahati, bali wenyewe waliiagiza kwa fundi na kuilipia fedha. Basi yafaa tuulize: watu huinua motokaa kwa nyuma kwa sababu gani, kazi hiyo hufanywaje, na hatari zake ni zipi?

Kwetu sababu ni mbili, njia na mzigo. Mitaa mingi ya Kinondoni na Temeke iliyo mbali na lami ni ya mchanga, na masika yaanzapo mwezi wa Machi maji huchimba makorongo, hata gari lililo chini hukwaruza ardhi kwa tumbo lake. Tena mzigo ni mzito. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani nzima. Na springi ibebayo tani kila siku huchoka na kulala. Huko Marekani sababu ilikuwa nyingine. Katika miaka ya 1960 viwanda vyao viliunda motokaa zenye injini za nguvu nyingi mno, kama vile Pontiac GTO ya mwaka 1964 na Dodge Charger ya mwaka 1966. Vijana wa miaka ya 1970 walipenda kuziinua kwa nyuma, ili magurudumu mapana yapate nafasi chini ya bodi, na ili gari lifanane na yale ya mashindano. Nia zetu na zao ni mbalimbali, walakini chuma hakijui nia ya mtu. Hufuata kanuni ile ile kila mahali.

Sasa na tutazame springi yenyewe. Katika pikapu nyingi, na katika Dodge Charger niliyoitaja, springi ya nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopindwa kama upinde na kufungwa pamoja. Ncha ya mbele hushikwa imara katika chesisi. Ncha ya nyuma huning'inia katika kiungo kibembeacho, kwa kuwa springi ikilemewa hunyoka na kurefuka, nayo yahitaji nafasi.

Njia za kuinua ni nne. Ya kwanza ni kuongeza bamba. Penye mabamba manne yaliyo sawa ukiongeza la tano, ugumu huzidi kwa robo hivi. Lakini fundi akitia bamba lenye unene maradufu, bamba hilo peke yake lina ugumu mara nane wa lile la kwanza, na gari likiwa tupu litaruka kama mbuzi. Ya pili ni kurefusha kile kiungo cha nyuma. Kwa kuwa ni ncha moja tu ishukayo, kiungo kikizidi inchi 2 gari huinuka kama inchi 1. Ya tatu ni kutia kipande cha chuma baina ya springi na mhimili wa magurudumu. Hapa pana mtego: springi ikiwa juu ya mhimili gari litainuka, bali ikiwa chini ya mhimili gari litashuka. Ya nne ni shokapu za upepo, walizozipenda sana wale vijana wa Marekani. Lakini mahali shokapu ifungwapo hapakuundwa kubeba uzito wa gari, na chuma cha hapo huweza kupasuka.

Nazo hatari ni hizi. Uzito ukipanda juu, gari hupinduka upesi zaidi katika kona. Pua ikishuka, taa huangaza karibu mno, na usukani hupunguza tabia yake ya kurudi katikati wenyewe. Propela hupata pembe mpya, na viungo vyake hulika. Mpira wa breki uendao nyuma huvutika, na shokapu iliyo fupi hufika mwisho wake na kung'oka.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi, kama vile Toyota Hilux, zina valvu ya breki iliyounganishwa na mhimili wa nyuma kwa fimbo. Mzigo ushushapo bodi, valvu huachia nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Ukiinua bodi bila kuirekebisha valvu, hiyo hudhani kwamba gari ni tupu. Na hali nyuma pana tani ya saruji, breki za nyuma hufanya kazi nusu nusu, na gari huchelewa kusimama. Mtoto avukaye njia kwenda shule hawezi kujua hayo. Ajuaye ni fundi, na apaswaye kuuliza ni mwenye gari.

Basi atakaye kuinua na afuate utaratibu. Kwanza gari lisimame mahali tambarare bila mzigo, apime toka katikati ya gurudumu hata ukingo wa bodi, kuume na kushoto. Kama limelala kwa uchovu wa springi, dawa ni springi mpya, si kiraka; wala asikubali springi kuukuu ipashwe moto na kugongwa nyundo tu, kwani chuma hicho hupoteza ugumu wake kisipozimwa na kupashwa tena kwa kipimo. Magurudumu ya mbele yatiliwe vizuizi, na chesisi iwekwe juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Yubolti ziwe mpya. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na baada ya siku chache zote zikazwe tena. Kisha zitazamwe mipira ya breki, valvu, propela na taa. Kuinua inchi 1 au 2 kwatosha kwa njia zetu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza kuendesha gari bovu, lakini askari hawezi kulala chini ya kila gari akalikagua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie akuonyeshe mpira wa breki na valvu; ndipo ulipakie gari lako mzigo.