Vumbi la Mererani Lizuiwe Mwambani
Wachimbaji wa tanzanite huko Mererani, wilayani Simanjiro nchini Tanzania, huhofia kifusi, maana kifusi huua papo hapo. Vumbi la mwamba lina subira. Chembe za silika zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho, na zikishatua huacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, tena humweka mgonjwa katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu. Dawa zitaua vimelea vya TB, makovu yatabaki.

Wengi hukimbilia barakoa. Ya kitambaa haizuii chembe hizo, na hata iliyo bora huvuja isipobana uso. Nani ataivumilia kutwa nzima kwenye joto la shimoni? Kinga ya kweli ni kuchoronga kwa maji, vumbi lisiruke kabisa, na kusubiri hewa isafike baada ya kulipua baruti. Watasema maji Simanjiro ni ghali. Kweli, wilaya ni kame. Lakini gharama ya vumbi haifutiki, huhamia tu kwa familia na hospitali za umma. Sheria ya mwaka 2003 ya usalama na afya kazini inamtwika mwajiri wajibu wa kinga hiyo, ila wanaapolo, yaani wachimbaji hao, wengi hawana mkataba wa kumtaja mwajiri. Basi abanwe mwenye leseni ya mgodi.