Mji wa mtoni ambako dola chache humtosha mgeni

MSOMAJI, huenda umewahi kumsikia mtu akisema kwamba akistaafu atahamia mahali ambapo pesa kidogo hununua vitu vingi. Wazungu si haba wamefanya hivyo, na mmoja wa miji waliyoikimbilia ni Kampot, mji mdogo wa bandari ulioko kusini mwa Kambodia, kando ya mto Praek Tuek Chhu, karibu na unapoingia baharini.

Katika karne ya 19, Kampot ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya nchi hiyo. Miaka ya 1950 ujenzi wa bandari kubwa ukaanza Sihanoukville, na meli zikahamia huko. Zilizobaki Kampot ni mashua za wavuvi, ambazo utaziona zikishuka mto jioni kwenda baharini, na majumba ya kale ya wakati wa Wafaransa. Katikati ya mji, penye mzunguko wa barabara, pamesimamishwa sanamu kubwa ya doriani, tunda lile lile linalopatikana Zanzibar na ambalo wasiolizoea huliziba pua. Mashamba ya huko hutoa pilipili manga yenye sifa duniani; jina lake linalindwa kisheria nchini humo tangu mwaka 2010, na Umoja wa Ulaya ukalitambua mwaka 2016.

Dola ya Marekani hupokewa madukani pamoja na riel, pesa za nchi, na dola moja ni kama riel 4,000. Mgeni anayelipa kodi ya dola 250 kwa mwezi hujiona amepata nyumba kwa bei ya kutupa. Lakini jiulize, nafuu kwa nani? Mwaka 2025, kima cha chini cha mshahara katika viwanda vya nguo nchini Kambodia kilikuwa dola 208 kwa mwezi. Kodi pekee ya mgeni huyo yapita mshahara wote wa msichana anayeshona shati lake. Nafuu inayosifiwa, basi, ni ya mtu ambaye pensheni yake hulipwa Paris au Melbourne. Anayekwenda akitumaini kupata kibarua huko huko atapiga hesabu zile zile za mwenyeji, tena bila shamba wala jamaa wa kumsitiri.

Hapa niseme na vijana wetu hasa. Tangu mwaka 2022, serikali ya Kenya imelazimika kuwaokoa Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Kusini Mashariki mwa Asia, wakafungiwa nchini Myanmar na kulazimishwa kuwalaghai watu kwa kompyuta. Kambodia nayo haikusalimika. Mwezi Juni 2025, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyotaja maboma yasiyopungua 53 ya utapeli wa aina hiyo nchini humo. Ukiona tangazo la mshahara mnono, tikiti ya bure, na wakala anayetaka kukuwekea pasipoti, kaa nyumbani.

Kwa mwenye kipato chake, mambo ya sheria hayana fumbo kubwa. Viza ya kitalii huongezwa mara moja tu. Anayetaka kukaa huingia kwa viza ya kawaida, ambayo baadaye huweza kurefushwa hata kwa mwaka mzima, na akifanya kazi yahitajika hati nyingine ya kibali cha kazi. Ardhi ndiyo mwiko. Katiba hairuhusu mgeni kuimiliki. Awezacho ni kukodi kwa mkataba wa muda mrefu, au kununua chumba katika jengo la ghorofa, ila si kile cha chini. Wapo wanaoandikisha kiwanja kwa jina la mke au rafiki. Urafiki huo ukiisha, kiwanja ni cha mwenye jina.

Maradhi nayo yafikirie mapema. Homa na kidonda hutibiwa hapo hapo, lakini ugonjwa mzito ni safari ya Phnom Penh, kilomita 150 hivi, na wenye uwezo huvuka hadi Bangkok. Mapigano ya mwaka 2025 kati ya Kambodia na Thailand yalifunga vituo vya mpakani, na waliozoea kwenda kwa gari wakakwama.

Kuhusu majirani, Mswahili atajikuta karibu na nyumbani kuliko Mzungu. Mkhmer haiti watu majina makavu. Aliyekuzidi umri kidogo ni bong, yaani kaka au dada. Aliye rika la wazazi wako au zaidi ni om. Salamu ni kuunganisha viganja mbele ya kifua, viatu huvuliwa mlangoni, na kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto. Vijijini karibu na bahari wapo Wacham, wavuvi Waislamu, na kwao “asalaam aleikum” yatosha kukufungulia mlango. Wageni wengine hukaa miaka mingi wakijua kuagiza bia tu kwa Kikhmer, kisha hulalamika kwamba hawana rafiki mwenyeji.

Ukienda kuangalia, usiende Desemba au Januari, wakati upepo ni mwanana na kila nyumba yapendeza. Nenda Agosti au Septemba, mvua ikishuka usiku kucha na njia zikigeuka matope. Lipa kodi ya mwezi mmoja mmoja hadi masika hayo yapite.