Vinanda vya zamani Bukoba na Muleba: nyimbo zilizomo zinusuriwe kabla betri hazijaisha

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Katika makanisa, kumbi na nyumba za Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba vingali vipo vinanda vya kielektroniki vilivyotengenezwa miaka ishirini, thelathini na hata arobaini iliyopita. Baadhi vinapigwa kila Jumapili. Vingine vimefunikwa kitambaa na kuwekwa stoo tangu kwaya ilipopata kinanda kipya, navyo husubiri siku ya kutupwa au kuuzwa kama chuma chakavu.

Kinanda cha namna hiyo huenda kimebeba kitu ambacho hakiuzwi dukani: midundo na sauti alizozitengeneza mpiga kinanda mwenyewe kwa ajili ya nyimbo za kwaya yake. Kazi hiyo inaweza kufutika bila mtu kugundua. Makala haya yanaeleza vyombo hivi ni nini, hatari inatoka wapi, na wananchi wafanye nini ili kunusuru kilichomo.

Sintesaiza ni nini

Kinanda cha kielektroniki ni jina la jumla. Ndani yake imo sintesaiza, yaani chombo kinachounda sauti kwa umeme badala ya kugusa uzi, kupuliza bomba au kupiga ngozi. Enanga ya Wahaya hutoa sauti kwa sababu uzi uliokazwa juu ya ubao hutetemeka unapoguswa na kidole. Katika sintesaiza kinachotetemeka ni mkondo wa umeme. Ukitetemeka mara 440 kwa sekunde na kupelekwa kwenye spika, msikilizaji husikia noti A ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganisha vyombo vyao.

Mmarekani Robert Moog alianza kutengeneza sintesaiza zake mwaka 1964. Mwaka 1970 ilitoka Minimoog, iliyokuwa ndogo kiasi cha kubebeka hadi jukwaani, ingawa ilipiga noti moja tu kwa wakati. Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa DX7, iliyotumia mbinu ya kidijitali iliyobuniwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Chombo hicho kiliweza kutoa noti 16 kwa pamoja. Mwaka huohuo ulianza kutumika mfumo wa MIDI, unaowezesha vinanda vya kampuni tofauti, na baadaye kompyuta, kupelekeana taarifa kwa waya. Mfumo huo bado unatumika leo, nao ndio mlango mkuu wa kutolea kazi iliyofungiwa ndani ya kinanda cha zamani.

Hapa nchini, Vijana Jazz ilikuwa miongoni mwa bendi za mwanzo kuingiza vinanda na ngoma za kielektroniki katika muziki wa dansi, katika miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 vinanda hivyo vilishika nafasi kubwa katika taarabu ya kisasa, na makanisani vikawa msaidizi wa mwalimu wa kwaya.

Kwa nini kilichomo ndani ni cha thamani

Vinanda vingi hutoka kiwandani vikiwa na midundo iliyokwisha pangwa, kama vile valsi, rumba na bosanova. Midundo ya ngoma za Kagera haimo. Mpiga kinanda wa Bukoba au Muleba anayetaka wimbo wa Kihaya uchezeke kama unavyochezwa nyumbani hulazimika kuupanga mdundo huo mwenyewe, pigo kwa pigo, na kuuhifadhi katika kumbukumbu ya chombo. Vilevile, kinanda hugawa ngazi ya sauti katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali mpiga enanga hukaza nyuzi zake kwa kufuata sikio. Mpigaji stadi hutumia gurudumu la kupindisha sauti, lililo upande wa kushoto wa baadhi ya vinanda, ili kuukaribia mlio anaoufahamu.

Kazi hiyo kwa kawaida haina nakala ya maandishi. Mpigaji akihama au akifariki dunia, kinanda ndicho shahidi pekee aliyebaki.

Hatari zinazokikabili

Hatari ya kwanza ni betri ya ndani. Sintesaiza nyingi za miaka ya 1980, ikiwemo DX7, hutunza sauti zilizopangwa kwa nguvu ya betri ndogo iliyounganishwa kwenye ubao wa saketi. Betri ikiisha, kumbukumbu hufutika. Baadhi ya vinanda vya nyumbani hutegemea betri kubwa au adapta. Vyote viwili vikiondolewa kwa pamoja, mipangilio hupotea.

Hatari ya pili ni flopi. Vinanda vya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilihifadhi nyimbo katika diski za inchi 3.5. Diski hizo huharibiwa na ukungu, vumbi na sumaku ya spika.

Hatari ya tatu ni umeme. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, wakati kinanda kilichonunuliwa kikiwa kimetumika nchini Japani kinaweza kuwa cha volti 100. Kukichomeka moja kwa moja ni kukiunguza. Adapta nazo hazilingani: vinanda vingi vya zamani vya Casio hutumia volti 9 na ncha ya katikati ni hasi, ilhali vingi vya Yamaha hutumia volti 12 na ncha ya katikati ni chanya. Plagi inaweza kuingia vizuri na bado ikaharibu chombo.

Hatari ya nne ni hali ya hewa. Ukanda wa Ziwa Victoria upande wa Bukoba ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini. Unyevu hutia kutu kwenye viungio vya chini ya vibonye, na mende hupenda joto la ndani ya chombo. Katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire, hewa ya ziwa iko karibu zaidi na fundi yuko mbali zaidi.

Hatua za kuchukua

Kwanza, kinanda kisichotumika kisifunguliwe wala kutolewa betri kabla ya kuhifadhi kilichomo. Soma maandishi yaliyo nyuma au chini ya chombo ili kujua volti na alama ya ncha za adapta, kisha kiwashe.

Pili, rekodi sauti. Piga kila mdundo na kila wimbo uliopangwa huku ukirekodi kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni, au kwa simu ya mkononi endapo hakuna njia nyingine. Taja mwanzoni jina la wimbo, mtunzi, mpigaji na mwaka.

Tatu, kama chombo kina matundu ya MIDI, tafuta mtu mwenye kompyuta na waya unaofaa ili mipangilio yenyewe ihamishwe. Flopi zinakiliwe mapema kwa kifaa cha kusomea kinachochomekwa kwenye kompyuta. Nakala ziwekwe mahali pasipopungua pawili.

Nne, ubadilishaji wa betri iliyounganishwa kwenye ubao ufanywe na fundi wa vifaa vya elektroniki. Ndani ya chombo kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Tano, kinanda kilichoharibika kabisa kisichomwe moto wala kuzikwa shambani. Ubao wake unaweza kuwa na madini ya risasi, na baadhi ya betri za zamani zina kadimi. Taka za aina hiyo husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Nani mwenye wimbo

Kumiliki kinanda si kumiliki wimbo uliomo. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki ni ya mtunzi, isipokuwa yawepo makubaliano mengine, na hudumu katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki hiyo haisubiri usajili, lakini kusajili kazi COSOTA humrahisishia mtunzi kuithibitisha mgogoro ukitokea. Hivyo, anayenunua kinanda cha zamani na kukuta nyimbo ndani yake hana ruhusa ya kuzitoa kwa jina lake.

Thamani ya kazi ya zamani haitabiriki. Wimbo wa Maria Salome wa Saida Karoli, msanii wa Bukoba anayeimba kwa Kihaya, ulivuma nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome, wimbo uliojengwa juu yake. Nchini Ethiopia, albamu aliyoirekodi Hailu Mergia mwaka 1985 kwa akodiani, Moog na DX7 ilikuwa imesahaulika hadi kaseti yake moja ilipopatikana katika mji wa Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana. Ilitolewa upya mwaka 2013, na mwanamuziki huyo, aliyekuwa akiendesha teksi jijini Washington, alirudi jukwaani.

Kaseti ile ilinusurika kwa sababu haikutupwa. Viongozi wa kwaya, wazazi na wapiga kinanda wa Bukoba na Muleba wanahimizwa kuanza na hatua ndogo: wiki hii wafungue stoo, wasome maandishi yaliyo nyuma ya kinanda, na kabla ya kufanya jambo jingine lolote, warekodi kilichomo.