Zenoni Ndani ya Kikombe cha Halojeni

Boksi la taa za HID, yaani taa za zenoni, linalouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, halina vitu vingi. Ukilifungua unakuta globu mbili, balasti mbili bapa za kutosha kiganjani, nyaya zenye plagi zake, na skrubu chache. Juu ya boksi pameandikwa H4 au H7, wati 35 au 55, na namba ambayo wanunuzi wengi ndiyo wanayoiulizia: 4300K, 6000K, 8000K. Muuzaji akiiunganisha globu moja na betri palepale kaunta, duka zima linajaa mwanga mweupe wenye ubluu. Kuanzia hapo ni vigumu kumrudisha mteja kwenye globu yake yenye mwanga wa manjano.

Mwanga ule si wa kudanganya macho, upo kweli. Lakini dereva anayetoka Chalinze kwenda Segera saa tatu usiku hahitaji mwanga mwingi tu. Anahitaji mwanga uliopelekwa mahali pake, na kazi ya kuupeleka haifanywi na globu. Inafanywa na taa nzima: riflekta, yaani kile kikombe kinachong'aa ndani, pamoja na kioo cha mbele. Vitu hivyo vimepimwa kwa aina moja tu ya globu.

Tuanze na globu zenyewe. Halojeni, iliyoingia kwenye magari ya Ulaya mwaka 1962, ni ndugu wa globu za zamani za nyumbani. Umeme unapita kwenye uzi mwembamba wa tangsteni, uzi unapata moto mpaka unang'aa, na gesi ya halojeni iliyomo ndani huzirudisha kwenye uzi chembe za tangsteni zinazochomoka, ili kioo kisiingie weusi. Umeme mwingi unaishia kuwa joto. H7 ya wati 55 hutoa mwanga wa lumeni 1,500 hivi. H4, ambayo imejaa kwenye magari madogo ya Kijapani, hutoa lumeni 1,000 hivi kwenye taa za chini.

HID haina uzi. Ndani ya kichupa cha kwatzi kidogo kuliko punje ya mahindi mna ncha mbili zilizoachana kwa milimita 4 hivi, gesi ya zenoni na chumvi za metali. Umeme wa betri wa volti 12 hauwezi kuruka nafasi hiyo. Balasti huupandisha hadi volti 20,000 na zaidi kwa kitambo kifupi mno, cheche inaruka, zenoni inawaka, kisha joto linavukiza chumvi zile, na hizo ndizo zinazoleta wingi wa mwanga. Ndiyo maana taa hizi zikiwashwa hubadilika rangi kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Zikishatulia, balasti hushusha umeme hadi volti 85 au 42, kulingana na aina ya globu, na kuushikilia kwenye wati 35. Globu ya kiwandani ya aina ya D2S hutoa lumeni 3,200 hivi kwa wati hizo 35. Yaani umeme mchache kuliko wa halojeni, mwanga zaidi ya mara mbili, na umri mrefu mara kadhaa. BMW walipoziweka kwenye Series 7 mwaka 1991, gari la kwanza kuuzwa na taa hizi, walikuwa na sababu nzuri. Ila walizitengenezea taa yake tangu mwanzo.

Chukua globu ya H4 uisogeze karibu na dirisha. Utaona nyuzi mbili. Uzi wa taa za juu umekaa wazi, na uzi wa taa za chini umelazwa juu ya kibati kidogo kilichokunjwa kama kijiko. Kibati hicho ndicho chenye siri yote. Kinazuia mwanga wa uzi huo usiteremke kwenye nusu ya chini ya riflekta, kwa hiyo unaotoka ni ule uliogonga nusu ya juu tu, nao unaelekezwa chini barabarani. Kingo za kibati ndizo zinazochora ule mpaka mkali unaouona ukiwasha taa mbele ya ukuta: chini mwanga, juu giza. Ukingo mmoja umeinamishwa kwa digrii 15 ili mpaka upande kidogo upande wa pembeni mwa barabara, kumwonyesha dereva mtembea kwa miguu na alama za barabarani bila kumchoma machoni anayekuja.

Taa za Japani mpaka wake unapanda upande wa kushoto, kwa sababu Wajapani huendesha kushoto. Hilo ni jema kwa Tanzania, Kenya na Uganda, na ni jambo ambalo wanunuzi wa magari yaliyotumika hawalifikirii kwa sababu haliwasumbui. Gari hilohilo likivuka mpaka kuingia Rwanda, Burundi au Kongo, kunakoendeshwa kulia, ile sehemu iliyopanda inaelekea machoni mwa wanaokuja.

Sasa chomoa H4, ingiza ya HID. Mara nyingi kibati hakipo, au kipo cha kubahatisha. Ili kupata taa za juu na za chini kwa cheche moja, watengenezaji wameweka sumaku inayoivuta globu mbele na nyuma kwa milimita chache. Cheche yenyewe haina umbo la uzi. Imepinda kwenda juu, na mng'ao wake mkubwa uko kwenye ncha mbili, si katikati. Riflekta haina habari na mabadiliko hayo. Inaurusha kila mwali kwa pembe iliyopangiwa uzi uliokuwa mahali fulani hasa, na kosa la milimita moja ndani ya kikombe linakuwa mita kadhaa huko mbele. Ule mpaka wa mwanga na giza unamomonyoka. Lumeni nyingine zinapaa kwenye majani ya miti, nyingine zinaingia kwenye kioo cha basi linalokuja.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hula mita 22 kila sekunde. Jicho lililopigwa na mwanga mkali hubana mboni haraka, lakini kemikali ya kuonea gizani iliyounguzwa na mwanga ule hairudi upesi. Kwa mtu mzima wa miaka 60 hali ni mbaya zaidi, kwani lenzi ya jicho lake tayari inatawanya mwanga. Dereva aliyepigwa na mwanga huo anapitisha sekunde kadhaa akiendesha kwa kumbukumbu, kwenye barabara ya njia mbili isiyo na ukuta wa katikati, yenye mwendesha baiskeli asiye na taa pembeni. Huyo wa baiskeli hakununua HID wala hakuulizwa kama anazitaka. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama suala la mapambo ya gari.

Na mwenye gari naye anapunjwa, ingawa haamini. Mwanga uliovurugika humwagika kwa wingi mita chache mbele ya boneti. Anaona lami inang'aa na kuridhika. Kumbe mboni zake zimebana kwa sababu ya mng'ao huo wa karibu, na uwezo wake wa kuona kilicho mbali, huko ambako ng'ombe anavuka, umepungua. Kukiwa na mvua au vumbi, mwanga uliopaa unarudishwa na matone na chembe na kusimama mbele yake kama pazia.

Zile namba za K zinahitaji maelezo mafupi. Ni kipimo cha rangi, wala hazihusiani na nguvu. Halojeni iko kwenye 3200K hivi, zenoni za kiwandani 4300K hivi. Ukipanda kwenda 6000K na 8000K unanunua ubluu, na kwa wati zilezile lumeni zinapungua. Seti za wati 55 nazo zina ubaya wao: joto lililozidi huunguza mng'ao wa riflekta na plastiki iliyo karibu.

Nchi zilizozijua taa hizi mapema zimeliona tatizo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zinataka taa za chini zinazozidi lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujisawazisha zenyewe gari linapoinama au kuinuka, pamoja na vinyunyizio vya kuoshea kioo, kwa kuwa tope kidogo tu kwenye kioo hutawanya mwanga mkali kila upande. Uingereza, tangu 2021, gari lililobadilishwa globu za halojeni kuwekwa HID au LED huanguka kwenye ukaguzi wa kila mwaka, isipokuwa yale ya zamani sana. Marekani, mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, imeshikilia kwamba seti za kugeuza taa za halojeni kuwa HID haziwezi kukidhi kiwango chao cha taa.

Je, mwenye gari lenye taa hafifu afanye nini? Kwanza asinunue kitu. Achukue mita ya umeme, awashe injini na taa, apime volti kwenye betri, kisha apime kwenye plagi ya globu. Mwanga wa halojeni huporomoka haraka kuliko volti. Ukikuta betri ina volti 14 na plagi ina 12.6, umeme umepungua kwa asilimia 10 tu, lakini mwanga umepotea kwa asilimia 30 hivi. Magari yaliyokaa miaka 15 barabarani yana nyaya nyembamba, swichi zilizochoka na ethi zenye kutu, na hasara ya namna hiyo ni ya kawaida. Fundi umeme mwangalifu huvuta waya mnene kutoka betri, fyuzi ikiwa karibu na betri, akaupitisha kwenye rilei hadi kwenye taa, na kusugua ethi mpaka bati ling'ae. Kioo cha plastiki kilichoingia umanjano kwa jua hupigwa msasa laini wa maji kwa hatua, kisha hupakwa rangi angavu ya kuzuia miale ya jua. Ukiacha hatua hiyo ya mwisho, umanjano unarudi upesi. Weka na globu mpya za H4 za kampuni inayoaminika, wati zilezile. Wengi wakifika hapa hawaulizi tena habari za HID.

Anayezitaka bado, njia ya heshima ni taa yenye projekta. Ndani yake mna riflekta ya umbo la yai, bati linalokata mwanga, na lenzi nene ya kioo mbele. Mpaka wake unakatwa na bati hilo, na cheche imepangiwa nafasi yake. Modeli nyingi za Kijapani zilitoka kiwandani kwa matoleo mawili, la halojeni na la zenoni. Taa nzima ya toleo la zenoni, iliyotumika, pamoja na balasti zake, ni bora kuliko seti yoyote ya boksini. Hapo soma herufi kwa makini. D2S ni ya projekta. D2R ni ya riflekta, na kichupa chake kimepakwa rangi nyeusi sehemu fulani ili kuukata mwanga. D4S haina zebaki na hutumia volti 42, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya D2S ya volti 85, hata kama sura zinafanana.

Wakati wa kuzifunga taa hizi, chomoa kwanza waya wa hasi wa betri, kwa sababu volti 20,000 hazina mchezo. Usiguse kioo cha globu kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huacha doa linalopata moto kupita sehemu nyingine. Balasti ifungwe kwa skrubu kwenye bati, mbali na mabomba ya moto, plagi zake zikitazama chini ili maji yasiingie. Isining'inie kwa kamba za plastiki. Waya mnene unaotoka balasti kwenda kwenye globu usikatwe wala kuungwa. Umeme wa kuwashia uvutwe kutoka betri kupitia rilei, kwa kuwa sekunde za mwanzo HID hunyonya umeme mwingi zaidi ya zile wati 35. Kifuniko cha mpira nyuma ya taa kirudi kikibana. Redio ikianza kukoroma taa zinapowaka, balasti ni duni.

Kisha taa zipangwe, kazi ambayo gereji nyingi huiruka. Gari lisimame mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi na mtu kwenye kiti cha dereva. Pima kimo kutoka chini hadi katikati ya taa, chora mstari ukutani kwa kimo hicho, na mwingine sentimita 10 chini yake. Funika taa moja, washa taa za chini, zungusha skrubu ya nyuma ya taa hadi mpaka wa mwanga ulale juu ya mstari wa chini, halafu fanya hivyo kwa ile nyingine. Jaza buti mizigo na watu watatu kiti cha nyuma, utazame tena ukutani: pua ya gari imeinuka na mpaka umepanda nao. Gari lenye kidude cha kushusha taa pembeni mwa usukani, dereva akizungushe kabla ya kuondoka. Lisilo nacho, taa zipangwe upya kabla ya safari ya mzigo.