Kupima Umeme Unaotumiwa na Vifaa vya Nyumbani

Malalamiko kwamba uniti za LUKU “zinakimbia” ni ya kawaida. Kabla ya kuituhumu mita, tunamshauri mtumiaji apime kwanza matumizi ya vifaa vyake.

Kokotoa kwa kutumia wati

Kwenye kibandiko cha kifaa huandikwa nguvu yake kwa wati (W). Zidisha wati kwa saa za matumizi, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa kila siku hula uniti 0.5, yaani uniti 15 kwa siku 30. Televisheni ya wati 80 ikiwashwa saa tano kwa siku hufikia uniti 12 kwa muda huohuo.

Pima kwa mita

Kwa friji, hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa mota yake huwaka na kuzima yenyewe. Usiku, zima vifaa vingine vyote na uandike salio la mita; asubuhi lisome tena kabla ya kuwasha chochote. Tuseme salio lilikuwa 38.6 saa nne usiku, na 38.0 saa kumi na mbili asubuhi. Friji imetumia uniti 0.6 kwa saa nane, sawa na 1.8 kwa siku na 54 kwa mwezi. Mchana, mlango unapofunguliwa mara kwa mara, matumizi huweza kuongezeka.

Kwa nini upime?

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Vifaa vitatu tulivyovitaja hufikisha uniti 81. Uniti sita za ziada hugharimu shilingi 2,100, ilhali zile 75 za mwanzo hugharimu shilingi 7,500. Akipunguza upigaji pasi kwa nusu, mteja huyo hurudi chini ya kiwango.

Wapangaji wanaochangia mita moja nao wataona kuwa kugawana gharama kwa vipimo hupunguza ugomvi kuliko kugawana kwa idadi ya vyumba.

Tahadhari

Usifungue mita wala kugusa nyaya zake. Ukichomoa vifaa vyote na kuzima taa zote, lakini salio likaendelea kupungua, huenda umeme unavuja au kuna waya unaolisha mahali pengine. Mwite fundi umeme mwenye leseni akague. Iwapo hitilafu haimo ndani ya nyumba, toa taarifa kwa TANESCO, ukiambatisha vipimo vyako pamoja na tarehe na saa ulizovichukua.